Jinsi ya Kuijua Misimu ya Chavua Mtaani Kwako Nairobi

Kila Machi dada yangu anayeishi Atlanta hunitumia picha ya gari lake. Kioo cha mbele kimefunikwa unga wa manjano, na chini ya picha ameandika: "Mialoni imeanza. Mpe mtoto dawa mapema." Kwa miaka miwili nilimtii. Nilisoma kurasa za mtandaoni zinazoeleza chavua ya mwaloni, ule unga wa maua yake ya kiume, na tarehe zake, nikanunua dawa ya mzio, yaani aleji, nikampa mwanangu kuanzia mwisho wa Machi mpaka Aprili yote. Dawa ikaisha. Mei ikaingia, nyasi za Lang'ata zikanifika kiunoni, na mtoto akawa anaamka macho yamevimba kama aliyelia usiku kucha.

Dada hakukosea. Tarehe zake ni za kweli, huko kwenye mialoni. Mimi ndiye niliyeishi Nairobi kwa kalenda ya Atlanta. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kutengeneza kalenda ya mtaa wako mwenyewe, kwa daftari, chupa ya plastiki, vipande vichache vya kioo na mafuta ya mgando. Ukianza leo, baada ya mwaka mmoja itakuwa na faida, na baada ya miwili utaweza kuiamini.

Kwanza uelewe saa ya mwaloni

Wengi wetu tumeujua mwaloni kwenye Biblia, mialoni ya Mamre ambako Abrahamu alikaa mlangoni pa hema wakati wa hari. Mialoni ninayoizungumzia hapa huota katika nchi zenye majira ya baridi. Mwaloni huchavushwa na upepo. Maua yake ya kiume ni vishada vyembamba vinavyoning'inia kama nyuzi zilizotungwa shanga ndogo, havina rangi ya kuvutia, wala harufu, wala utamu wa kumwita nyuki. Vikikauka kidogo, upepo huvitikisa na chavua inaondoka. London chavua hiyo huwa hewani hasa Aprili na Mei. Kusini mwa Marekani huwahi zaidi, Machi na Aprili. Mti mmoja humaliza kumwaga kwa siku chache, ila kwa kuwa miti haifunguki siku moja, msimu mzima huchukua wiki kadhaa.

Kinachoamua tarehe ni joto. Baridi ikishapita, wanaofuatilia chavua hujumlisha joto la kila siku linalozidi kiwango fulani, na jumla ikifikia kadiri inayojulikana kwa eneo lile, vishada hufunguka. Mwaka ukiwahi kupata joto, chavua nayo inawahi. Wingi wake ni habari nyingine: machipukizi ya vishada huanza kutengenezwa kiangazi cha mwaka uliotangulia, kwa hiyo hali ya hewa ya mwaka jana ina sehemu yake katika chafya za mwaka huu. Mvua ikinyesha wakati wa kumwaga, chavua nyingi huishia chini.

Sasa leta hesabu hiyo hapa kwetu. Nairobi iko digrii moja na kitu kusini mwa ikweta, mwinuko wa kama mita 1,700. Urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Wastani wa joto wa mwezi wenye jua kali na ule wa Julai hupishana kwa digrii nne hivi. Hakuna majira ya baridi ya kulaza miti usingizi na hakuna ya kuiamsha. Kinachoamsha mimea yetu mingi, nyasi hasa, ni maji. Mwaloni wa London una wimbi moja kwa mwaka. Nyasi za Nairobi zina mawili, moja nyuma ya mvua ndefu za Machi hadi Mei, jingine nyuma ya mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Mvua ikichelewa, wimbi nalo linachelewa. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Kuna jambo moja la mialoni, hata hivyo, linalotufaa sana. Ule unga wa manjano juu ya gari la dada yangu kwa sehemu kubwa si wa mwaloni, ni wa msonobari. Chavua ya msonobari ni kubwa, inaonekana kwa macho ikirundikana, na ni nadra kumletea mtu mzio. Ya mwaloni haionekani kirahisi hivyo, lakini ndiyo inayowasha macho. Watu huona manjano, wakalaumu manjano. Sisi tuna kosa hilohilo, na rangi yake ni zambarau.

Hatua ya 1: Mwachilie mjakaranda, mtafute mhalifu wa kweli

Kuanzia Septemba hadi Novemba barabara za Nairobi hugeuka zambarau, na mtu akipiga chafya mara mbili tu anaambiwa, "Hiyo ni jakaranda." Jirani yangu aliniambia hivyo kila mwaka: "Mama Imani, hiyo miti ingekatwa tungepona." Mjakaranda ulitoka Amerika Kusini, na ua lake ni kengele yenye rangi na utamu ndani. Mti unaogharimika hivyo unamtafuta nyuki. Chavua ya namna hiyo inanata, haijaumbwa kusafiri hewani, na ni chache tu inayofika puani mwako. Mjakaranda huchanua wakati vumbi la kiangazi bado liko juu na mvua fupi ziko njiani, basi unabeba lawama ya wengine.

Kanuni ni hii: ua linalojipamba halina shida nawe. Ogopa lile ambalo hujawahi kuligundua kuwa ni ua.

Wachunguze hawa mtaani kwako. Nyasi zote ziko juu ya orodha: nyasi za Kikuyu za kwenye bustani, ukoka wa kando ya njia, nepia, na zile ndefu za rangi ya kutu zinazojaa ndani ya Mbuga ya Nairobi na kwenye ploti zisizojengwa. Kisha mbarika, ule wa mbegu za mafuta, unaopenda kuota kwenye vifusi na kando ya mito. Maua yake ya kiume hufyatua chavua hewani. Uzio wa saipresi uliozunguka nyumba, mvinje, mzeituni mwitu. Mchicha ulioachwa ukarefuka mpaka ukatoa mikia. Mahindi nayo hutegemea upepo, ila punje zake ni kubwa na nyingi huanguka karibu na shamba, kwa hiyo yanamhusu zaidi anayepalilia kuliko aliye ghorofa ya tatu. Na gugu la Parthenium, lenye vichwa vidogo vyeupe na majani kama ya karoti, ambalo limeenea kwenye ploti nyingi za jiji: hilo huwasha ngozi likishikwa na huchokoza pua pia. Usiling'oe kwa mikono mitupu.

Mgrivilea, ambao kwa Kikuyu huitwa mukima, kwa Kiingereza una jina lenye maana ya mwaloni wa hariri, kwa sababu ya mbao zake. Si mwaloni. Ulitoka Australia, maua yake ya rangi ya machungwa yana utamu mwingi, na wageni wake ni ndege na nyuki. Ukisoma onyo la chavua ya mwaloni kisha ukakimbilia kukata migrivilea iliyo mpakani mwa shamba, umekata kivuli na mbao bure. Kuna watu ambao ngozi huwatoka vipele wakishika majani au vumbi la mbao zake, lakini hilo ni jambo la ngozi, halihusu chavua.

Ukishindwa kutambua mmea, kata tawi lenye ua, likaushe katikati ya magazeti chini ya kitu kizito, kisha lipeleke kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Makumbusho ya Taifa, Museum Hill. Kujizoeza kutambua miti, nenda Arboretum, ile bustani ya miti ya tangu 1907 karibu na Barabara ya State House. Miti mingi ina vibao vya majina.

Hatua ya 2: Chagua njia moja, uitembee mara mbili kwa wiki

Njia isiwe ndefu. Dakika ishirini zinatosha, na ipite penye nyasi zilizokatwa, nyasi zisizokatwa, na angalau uzio mmoja wa miti. Mimi hutoka getini, nikafuata ukuta, nikazunguka uwanja wa watoto, nikarudi kwa njia ya duka. Chagua mimea kumi utakayoiangalia kila mara, ileile. Andika alama: 0 hakuna ua, 1 ua limetokea lakini bado limefunga, 2 linamwaga, 3 limekauka. Usiandike habari ndefu. Mwenye daftari la maneno mengi huchoka wiki ya pili.

Nenda asubuhi, kati ya saa moja na saa tatu. Nyasi nyingi hufungua vifuko vyake vya chavua asubuhi, na saa sita unaweza kukuta kazi imekwisha.

Alama ya 2 unaijua hivi. Chukua karatasi nyeusi, au jalada jeusi la daftari, uliweke chini ya kichwa cha nyasi, kisha ukipige kwa kidole mara moja. Unga wa manjano hafifu ukibaki kwenye jalada, ni 2. Usiinamishe pua.

Kuhusu nyasi za Kikuyu nakuomba usimame kidogo, kwa sababu watu wengi huapa kwamba hazina maua. Zinayo, na kuzikata fupi ndiko kunakozichochea kuyatoa. Asubuhi moja ya Mei nilitoka nje nikadhani mtu amemwaga majivu kwenye uwanja wa watoto. Nikapiga magoti. Kila shina fupi lilikuwa limetoa nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko uzi wa kushonea, ndefu kama nusu ya kidole, na kila uzi umeshika kifuko kidogo kwenye ncha, ukitetemeka kwa upepo ambao mimi mwenyewe sikuusikia usoni. Kufikia adhuhuri nyuzi zilikuwa zimelegea na kulala. Mwanangu alikuwa amecheza mpira hapohapo jioni zote za juma lile. Mimi nilikuwa nikimkataza kupita chini ya mjakaranda.

Hatua ya 3: Pima mvua yako, usitegemee ya jiji zima

Nairobi mvua inaweza kunyesha Karen, na Kasarani vumbi linapaa. Kwa hiyo pima yako. Chukua chupa ya plastiki ya lita mbili yenye mwili ulionyooka, ikate pale inapoanza kubanana kuelekea shingoni, igeuze sehemu ya juu iingie ndani kama faneli ya kumiminia. Weka kokoto chini isipinduke, mimina maji hadi yafunike kokoto na yafike penye mwili ulionyooka, kisha chora mstari wa sifuri. Iweke mahali pa wazi, mbali na paa na miti. Kila asubuhi pima kwa rula kutoka kwenye mstari: sentimita moja ni milimita 10. Mwaga ziada, urudishe maji kwenye sifuri.

Unachotafuta ni siku ambayo mvua imeanza kweli. Kigezo kinachotumika sana na wataalamu wa hali ya hewa na kilimo ni jumla ya milimita 20 au zaidi ndani ya siku tatu, bila kufuatiwa mara moja na ukavu wa muda mrefu. Manyunyu ya Februari yasikudanganye. Siku hiyo ikifika, izungushie duara jekundu. Hiyo ndiyo siku yako ya kwanza, na kuanzia hapo usihesabu kwa tarehe, hesabu kwa siku tangu mvua: siku ya 14, siku ya 30, siku ya 45. Hesabu hii inafanya kazi ileile ambayo jumla ya joto hufanya kwa mwaloni.

Faida yake utaiona mvua zikivurugika. Mwishoni mwa 2023 El Niño ilitupa mvua fupi zilizofurika, na Aprili 2024 mvua ndefu zilileta mafuriko yaliyobomoa nyumba za watu Mathare. Kabla ya hapo, kati ya 2020 na 2022, misimu mfululizo ilikuwa imefeli sehemu kubwa ya nchi. Kalenda ya ukutani haiwezi kukuambia nyasi zitafanya nini katika miaka ya namna hiyo. Siku tangu mvua inaweza.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini Idara ya Hali ya Hewa pale Dagoretti Corner hutoa utabiri wa msimu kabla ya mvua ndefu na kabla ya fupi. Usome: unasema kama mvua inatarajiwa kuwahi au kuchelewa, na kama itazidi wastani. Hapo unajua dawa inunuliwe lini.

Hatua ya 4: Tega chavua kwa kioo

Hatua hii si ya lazima, ila mtoto wako akiwa shule yenye maabara, itawapa raha nyinyi wawili.

Katika nchi zinazotangaza chavua kila siku, chombo kinachotumika sana ni mtego wa Hirst, ulioelezwa na Jim Hirst wa Uingereza mwaka 1952. Unavuta lita 10 za hewa kwa dakika, karibu na kiasi anachovuta mtu, kupitia mwanya mwembamba, na chavua hunasa kwenye utepe unaozunguka mzunguko mmoja kwa siku saba. Utepe hukatwa, ukahesabiwa kwa hadubini, na jibu likatolewa kama idadi ya punje katika mita moja ya ujazo ya hewa. Kwa nyasi, Uingereza huhesabu kuanzia punje 50 kuwa kiwango cha juu.

Wewe utatumia njia ya zamani zaidi, ya kuacha chavua ianguke yenyewe. Nunua vipande vya kioo vya hadubini kwenye duka la vifaa vya maabara. Paka kimoja mafuta ya mgando kwa kidole safi, utando mwembamba kiasi kwamba bado unaona maandishi upande wa pili. Ukipaka mengi, punje huzama na huzioni. Kilaze mahali penye upepo, urefu wa kifua au zaidi, chini ya kifuniko kitakachozuia mvua bila kuzuia hewa. Mimi hutumia masinia mawili ya plastiki niliyoyatenganisha kwa misumari minne mirefu, moja paa, jingine sakafu. Kiache saa ishirini na nne, saa mbili asubuhi hadi saa mbili asubuhi. Andika tarehe kwenye ncha, kifunike kwa kipande kingine.

Kabla hujaangalia kioo cha hewani, tengeneza vioo vya kulinganishia. Gonga nyasi unayoijua juu ya kioo chenye mafuta, andika jina. Fanya hivyo kwa mbarika, kwa saipresi, kwa mahindi. Hiyo ndiyo kamusi yako. Bila kamusi utahesabu masizi ya matatu ukiyaita chavua. Kwenye hadubini, ukianza na ukuzaji wa mara 100 kisha 400, punje ya nyasi ni duara laini lenye tundu moja lililozungukwa na pete, kama tufe lenye kitovu. Ya msonobari ni kama kichwa chenye masikio mawili yaliyovimba. Ya podo, mti wa misitu yetu, inafanana nayo. Ya mwaloni, kama dada atakutumia kioo kutoka Atlanta, ina mifereji mitatu na ngozi ya vinundu. Masizi hayana umbo, ni meusi tu, na yatakuwa mengi kuliko yote.

Hesabu punje kwenye mistari mitano inayovuka kioo, uandike jumla. Usiilinganishe namba hiyo na zile za Uingereza: kioo kilicholala hupendelea punje kubwa na nzito, na hakijui kiasi cha hewa iliyopita. Ilinganishe na kioo chako cha wiki iliyopita. Ukipata 4, kisha 6, kisha 31, huhitaji mtaalamu akuambie kilichotokea.

Hatua ya 5: Andika mwili unasema nini

Katika ukurasa uleule, kila jioni, alama tatu: pua, macho, kifua, kila kimoja 0 hadi 3. Ongeza neno moja likihitajika: "mvua", "shamba", "kufagia".

Sehemu hii ndiyo itakayokuonyesha kwamba si kila chafya ni chavua. Mafua ya virusi huweza kuja na homa na mwili kuuma, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki moja au mbili. Mzio wa chavua huwasha, macho na paa la mdomo, na kamasi huwa nyepesi kama maji. Juni hadi Agosti, Nairobi inapofunikwa mawingu na baridi, watu wengi huziba pua kuanzia kitandani. Hapo mtuhumiwa ni utitiri wa vumbi kwenye blanketi zilizotolewa kabatini, au ukungu kwenye ukuta unaovuja. Alama zako zikiwa juu asubuhi kabla hujatoka nje, huku mimea yote iko 0, geukia chumba.

Ukienda kwa daktari na daftari la miezi minne, atakusikiliza kwa namna nyingine kabisa. Akipendekeza kipimo cha ngozi, kile cha kudondoshea ngozi matone ya vitu vinavyoleta mzio, uliza ndani ya seti ya matone hayo kuna nini. Seti nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi, zimejaa mwaloni na miti mingine ambayo huenda usikutane nayo maisha yako yote Nairobi. Jibu la "hakuna mzio" kwenye seti ya namna hiyo halina maana kubwa. Tafuta iliyoandikwa Bermuda: hiyo ni ukoka, uleule wa mlangoni kwako. Uliza pia mahindi, utitiri na ukungu. Dawa za kuzuia mzio huharibu kipimo hiki na huachwa siku kadhaa kabla, kwa maelekezo ya daktari.

Hatua ya 6: Tangulia msimu

Hapa ndipo daftari linalipa. Dawa ya kunyunyiza puani yenye steroidi, ambayo madaktari wengi huitegemea kwa mafua ya mzio yasiyoisha, haifanyi kazi yake yote siku ya kwanza. Inafaa zaidi ikianza kama wiki mbili kabla ya chavua. Mwenye kujua kwamba nyasi za mtaa wake humwaga kuanzia siku ya 35 hivi, ataanza siku ya 20. Wakati wa kunyunyiza, elekeza ncha upande wa sikio, si ukuta wa katikati ya pua, na usivute kwa nguvu. Vidonge vya zamani vya klorofeniramini vinaleta usingizi. Mtoto wa shule na dereva wa bodaboda waulize duka la dawa aina isiyolaza, kama setirizini au loratadini, ingawa hata setirizini huwalewesha baadhi ya watu.

Nyumbani, siku za alama ya 2: nguo na mashuka yaanuliwe kabla jioni haijaingia, kwa sababu chavua iliyopanda na joto la mchana hushuka hewa ikipoa. Madirisha yafunguliwe baada ya mvua kutulia, asubuhi yafungwe. Mtoto aoge na kuosha nywele kabla ya kulala, sio asubuhi. Hili la kuoga jioni limetusaidia kuliko kitu kingine chochote kisicho dawa.

Ongea na keateka. Nyasi zikatwe kabla hazijatoa vichwa, na nyasi za Kikuyu zikitoa zile nyuzi nyeupe watoto wachezee kwingine asubuhi. Kijana anayefyeka kwa slasha kando ya barabara ndiye anayekula chavua kuliko sisi sote. Barakoa ya shilingi chache na miwani ni haki yake, na tulipochanga kumnunulia hakuna jirani aliyekataa, hata yule wa jakaranda.

Mwenye pumu asome hapa kwa makini. Mvua ya kawaida husafisha hewa, lakini ngurumo wakati nyasi zinamwaga ni hatari. Punje ya nyasi ikilowa hupasuka, ikatoa chembe ndogo zinazoweza kushuka mpaka ndani ya mapafu. Tarehe 21 Novemba 2016, jijini Melbourne, dhoruba moja ya ngurumo ilijaza hospitali maelfu ya watu wasioweza kupumua, na watu 10 wakafa. Wengine hawakuwa wamewahi kuambiwa wana pumu. Kwa hiyo upepo wa kutangulia dhoruba ukianza na nyasi ziko 2, ingia ndani, funga madirisha, inhela iwe mkononi. Mtu akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au ngozi ya katikati ya mbavu ikivutwa ndani, au midomo ikibadilika rangi, mpe inhela ya kufungua kifua na mwende hospitali hapohapo, hata kama ni usiku.

Hatua ya 7: Mwaka wa pili

Sasa una namba. Kwa kila msimu wa mvua, jumlisha hesabu zote za kioo, au kama hukutega, jumlisha ni mara ngapi mimea yako ilipata alama ya 2. Wanaofuatilia mialoni huwa na njia rahisi ya kusema msimu umeanza lini: siku ambayo jumla imefikia asilimia 5 ya chavua yote ya msimu, na huisha ikifikia asilimia 95. Fanya hivyo, ila tenganisha misimu miwili, ukianza kila mmoja upya kwenye duara jekundu. Usijumlishe mwaka mzima kama wao, utachanganya mawimbi mawili kuwa moja.

Andika namba tatu tu kwenye jalada la nyuma: siku ya kuanza, siku ya kilele, siku ya kuisha, zote zikihesabiwa tangu mvua. Msimu ujao, linganisha. Zikipishana kwa siku chache, una kalenda. Zikipishana kwa wiki tatu, angalia kama mvua ilikatika katikati, au kama kuna ploti iliyojengwa, au uzio uliong'olewa. Mtaa hubadilika, na daftari libadilike nao.

Machi hii dada alituma picha ya gari kama kawaida. Nami nikamtumia ya chupa yangu ya mvua: milimita 7, duara bado. Dawa iko kabatini, haijafunguliwa.